Adabu Haizuii Swali

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Majuma machache yaliyopita, baada ya sala ya Isha, mama mmoja katika jamaa ya msikiti wetu alisimama mlangoni mwa ofisi akiwa ameshika bahasha ya kaki. Tulimkaribisha kiti, hakuketi. "Ustadh," alisema, "naomba mnisomee barua hii. Mimi nimeisoma, baba yake ameisoma, mjomba wake ameisoma, na kila mmoja wetu ametoka na maana yake."

Barua ilitoka katika chuo kimoja cha umma anakosoma mwanawe. Ilikuwa na mistari minne tu. Ilimtaka kijana afike mbele ya kamati ya nidhamu siku ya tatu tangu tarehe ya barua, ajibu tuhuma za mwenendo usiofaa na uchochezi. Haikutaja kanuni aliyoivunja, wala maneno aliyoyasema, wala siku aliyoyasema, wala mtu aliyelalamika. Ilikuwa na muhuri na saini, basi.

Mzazi yeyote aliyewahi kusomesha atajua uzito wa karatasi ile. Kijana huyo ni mzaliwa wa kwanza. Yuko mwaka wa tatu, amebakiza muhula mmoja. Anasoma kwa mkopo wa Serikali, na mwanafunzi akiondolewa chuoni, mkopo nao husimama. Yaliyobaki yote, yaani nauli, chakula, madaftari na kodi ya chumba, yametoka katika karai la vitumbua ambalo mama huyo huliinjika kila siku kabla ya adhana ya Alfajiri. Wadogo zake watatu wanamtazama yeye. Kwa hiyo mama alipotuuliza maana ya barua, alikuwa akiuliza kama miaka mitatu ya moshi machoni imekwenda bure.

Kesho yake tulifika nyumbani kwao. Baba mtu alikuwa na rai yake: "Aende akapige magoti. Mtoto hashindani na mwalimu." Mjomba mtu naye alikuwa na yake: "Asiombe radhi hata kidogo. Chuo ni mahali pa kusema. Twende magazetini." Kijana mwenyewe aliinamisha kichwa. Tulipomwomba atuonyeshe alichokiandika, alitukabidhi simu pasipo kusema neno.

Ulikuwa ujumbe mrefu, alioutuma usiku katika kundi la simu la darasa lao. Sehemu ya kwanza ililalamika kwamba matokeo ya mtihani uliopita yalikuwa hayajabandikwa ilhali mtihani unaofuata umekwisha pangwa. Sehemu ya pili ilisema kwamba maelezo ya mhadhiri mmoja kuhusu historia ya vyama vya ushirika yanapingana na kitabu ambacho yeye mwenyewe aliwaagiza wakisome, na ikamwomba aonyeshe ushahidi wake. Hadi hapo, ilikuwa kazi ya mwanafunzi. Lakini ujumbe haukuishia hapo. Mwishoni kijana aliufanyia mzaha usemaji wa mhadhiri yule, ambaye ana kigugumizi, akaandika maneno yake kwa kuyakatakata ili wenzake wacheke. Kisha akaweka namba ya simu ya mhadhiri na kuwahimiza wenzake wampigie usiku ule ule.

Tulichukua karatasi, tukapiga mstari katikati. Upande wa kulia tuliandika aliyoyauliza. Upande wa kushoto tuliandika aliyoyakejeli. Tukamwambia baba mtu, "Mzee, haya ya kulia hayana magoti ya kupigwa." Tukamwambia mjomba mtu, "Na haya ya kushoto hayana gazeti la kuyatetea." Karatasi ile ndiyo iliyotusukuma kuandika safu ya juma hili.

Familia zetu nyingi zimezoea kudhani kwamba adabu na swali ni vitu viwili visivyokaa chungu kimoja. Mtoto akiuliza sana, tunamwita mtovu wa adabu. Mwingine naye akitukana, tunamtetea kwa kusema ana uhuru wake wa kusoma na kusema. Kosa ni moja katika pande zote mbili: tumeshindwa kutenganisha fikra na mwenendo. Kanuni za mwenendo zimewekwa kulinda watu, ili asitukanwe mtu, asitishwe, asipigwe, asiibiwe mtihani, asivuliwe heshima. Uhuru wa taaluma umewekwa kulinda elimu, ili anayefundisha na anayefundishwa waweze kuchunguza, kupinga, kuandika na kukosea bila ya kuogopa kufukuzwa. Chuo kinachokosa cha kwanza hugeuka kijiwe. Kikikosa cha pili hubaki na majengo na majoho, elimu ikiwa imekwisha kuhama.

Nchi yetu ina historia ndefu katika jambo hili, na tunadhani yafaa wazazi waijue, maana wengi wetu tunalichukulia kuwa ni jambo la vijana wa simu za leo.

Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya mjini, waliandamana hadi Ikulu. Walikuwa wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hususan makato makubwa katika mishahara yao ya mwanzo. Walibeba mabango, na miongoni mwake lilikuwamo lililosema kwamba wakati wa mkoloni ulikuwa na afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akaghadhibika, na siku ile ile akaamuru warudishwe makwao. Walioondolewa walizidi 300. Wengi wao walirejeshwa mwaka uliofuata.

Hatuandiki haya kumtetea kila aliyebeba bango. Wananchi wengi wa wakati ule waliwaona vijana wale kuwa ni wabinafsi waliosomeshwa kwa jasho la wakulima wakakataa kulirudisha. Hata hivyo, wasomaji wakumbuke lililofuata. Mwalimu alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wakubwa wengine wa Serikali wakapunguziwa yao. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Basi swali lililoulizwa kwa ufedhuli lilikuwa limegusa jambo la kweli, nalo ni pengo baina ya mishahara ya wakubwa na maisha ya raia. Ufedhuli uliadhibiwa, na swali likapata jibu. Lau vitu hivyo viwili vingetenganishwa tangu mwanzo, pengine jibu lingepatikana bila ya mamia ya vijana kufungasha masanduku.

Miaka mitatu baadaye lilitokea jambo la namna nyingine. Novemba 1969 wanafunzi wa mrengo wa kushoto pale Mlimani walianza kuchapisha jarida lililoitwa Cheche. Lilikuwa la vijana waliosoma sana na kuandika kwa makini. Mwaka 1970 lilitoa toleo maalumu lenye uchambuzi mrefu wa Issa Shivji, aliyekuwa bado kijana, kuhusu matabaka katika Tanzania ya Ujamaa. Hapakuwa na kigugumizi kilichokejeliwa humo, wala mtu aliyetishwa. Lilikuwa swali tupu: je, tunayoyatangaza ndiyo tunayoyatenda? Novemba 1970, muda mfupi tu baada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusimama peke yake kama chuo cha taifa, jarida hilo na umoja wa wanafunzi uliolichapisha vilipigwa marufuku. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba tawi la Umoja wa Vijana wa TANU chuoni linatosha, na kwamba jina la jarida lilifuata fikra za kigeni.

Mwaka uliofuata, Julai 1971, kiongozi wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana kutoka Kenya, alifukuzwa chuoni baada ya kuandika barua ya wazi ya kuukosoa uongozi wa chuo. Askari wenye silaha waliingia chuoni kumwondoa. Wenzake wakasusia masomo. Hapa tena karatasi yetu yenye mstari katikati ingefaa: katika barua ile, lipi lilikuwa tusi na lipi lilikuwa hoja? Askari mwenye bunduki hakuletwa kuamua jambo hilo, wala asingeweza kuliamua.

Tarehe 19 Aprili 1990, jumuiya za wanataaluma wa vyuo vyetu vya elimu ya juu zilikutana zikapitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu Uhuru wa Taaluma na Wajibu wa Wanataaluma kwa Jamii. Wasomaji walitazame jina hilo vyema. Waliolitunga hawakudai uhuru peke yake. Waliufunga pamoja na wajibu, kama mtu afungavyo kuni mbili kwa kamba moja. Novemba ya mwaka huo huo wasomi wa Afrika walikutana Kampala wakatoa azimio lao, nalo likaunganisha uhuru wa fikra na wajibu kwa jamii. Lakini kabla wino wa Dar es Salaam haujakauka vizuri, Mei 1990, Chuo Kikuu kilifungwa kufuatia mgomo wa wanafunzi, na hakikufunguliwa hadi mwaka uliofuata. Waliogoma na wasiogoma, waliotukana na waliouliza kwa upole, wote walirudi makwao. Adhabu ya jumla haina macho. Inapopita, haimwulizi mtu alisema nini.

Je, sheria ya nchi inasemaje leo? Vijana wa mwaka 1966 na wa mwaka 1971 hawakuwa na pa kushika, kwa sababu Katiba za wakati ule hazikuwa na orodha ya haki za raia. Haki hizo ziliingizwa katika Katiba ya mwaka 1977 kwa marekebisho ya mwaka 1984. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa mtu kuwa na maoni na kuyaeleza. Ibara ya 13(6)(a) ndiyo tunayowaomba wazazi waijue kama wanavyoijua namba ya nyumba yao. Maana yake kwa lugha nyepesi ni kwamba, haki na wajibu wa mtu zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote, mtu huyo anastahili kusikilizwa kikamilifu, na anastahili kukata rufaa. Maneno yenye uzito hapo ni hayo ya "chombo kingine". Kamati ya nidhamu ya chuo cha umma ni chombo kinachoamua haki ya mtu. Haiwezi kumhukumu kijana kwa barua ya mistari minne isiyomwambia kosa lake, kwani mtu hawezi kujibu asichoelezwa.

Ndugu zetu wa Mombasa, Lamu na Nairobi, ambao baadhi yao husoma safu hii, wana Katiba ya mwaka 2010 inayokwenda hatua moja zaidi. Ibara yake ya 33 inautaja uhuru wa taaluma na wa utafiti wa kisayansi kwa jina, na ibara hiyo hiyo inakataza uchochezi wa vurugu na maneno ya chuki. Mstari katikati ya karatasi umechorwa ndani ya ibara moja.

Wala haya si mageni kwetu. Katika mapokezi yetu, Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali (r.a.) kwenda Yemen kuhukumu baina ya watu, alimfundisha kwamba wanapoketi mbele yake wagomvi wawili, asiamue mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Tunayasoma haya madrasa tukiwa wadogo. Lililo gumu ni kuyatenda tukiwa wakubwa, nasi tumekalia viti.

Kuhusu uhuru wa mwanachuoni, tunaye Imam Ahmad bin Hanbal. Mwaka 218 Hijria, sawa na mwaka 833 Miladia, Khalifa al-Ma'mun aliamuru wanavyuoni wahojiwe, na wakiri kauli ya dola kuhusu Qur'ani, kwamba imeumbwa. Wengi walikiri kwa khofu. Imam Ahmad alikataa, akafungwa, na katika enzi ya al-Mu'tasim akapigwa mijeledi. Aliomba jambo moja tu, aletewe dalili. Baadaye watu walipomwendea ili wamwasi mtawala, aliwazuia. Alishika rai yake barabara, na akaushika mwenendo wake barabara. Sisi aghalabu tunamsifu kwa la kwanza na kulisahau la pili, au tunawataka vijana wetu wawe na la pili na kuwanyima la kwanza.

Turudi kwa kijana wetu. Usiku ule hatukulala mapema. Tuliomba kitabu cha kanuni za wanafunzi. Hakuna aliyekuwa nacho. Kijana alikumbuka kwamba alitia saini fomu ya kuzikubali kanuni siku ya usajili, akiwa katika foleni ndefu, jua likimchoma, bila ya kuzisoma. Rafiki yake mmoja alitutumia nakala katika simu. Tukaisoma yote, mama akiwa pembeni anasikiliza huku akipepeta mchele wa vitumbua vya asubuhi. Tulikuta kwamba kumkejeli mfanyakazi wa chuo ni kosa, limeandikwa wazi. Tulikuta pia kwamba mwanafunzi ana haki ya kupewa tuhuma kwa maandishi pamoja na kanuni husika, na muda wa siku saba wa kujitayarisha. Chuo kilikuwa kimeivunja kanuni yake chenyewe, na kijana ameivunja nyingine, na hakuna katika wawili hao aliyekuwa amekisoma kitabu.

Kijana aliandika barua mbili kwa mkono wake. Ya kwanza ilikwenda kwa mhadhiri. Alimwomba radhi kwa kejeli na kwa kuitangaza namba yake, hakuweka "lakini" ndani yake, wala hakuweka sababu. Ya pili ilikwenda kwa kamati. Ilisema kwamba amekiri kosa hilo. Kwamba kuhusu tuhuma ya uchochezi anaomba aelezwe ni kanuni ipi na ni maneno yapi. Kwamba anaomba siku zake saba. Na kwamba maswali yake kuhusu matokeo na kuhusu vyama vya ushirika bado anayauliza, kwa heshima. Baba mtu alipoisoma sentensi ile ya mwisho alitaka ifutwe. "Hiyo itamponza," alisema. Mama mtu, ambaye usiku kucha hakutoa rai, akasema, "Baba fulani, iache. Nimemsomesha ili aulize."

Kamati iliahirisha kikao. Siku ilipofika alisikilizwa kwa muda wa saa moja. Kwa kejeli alipewa onyo la maandishi, nalo litabaki katika jalada lake. Tuhuma ya uchochezi iliondolewa. Mhadhiri aliipokea barua ya kuombwa radhi na hakuijibu, na hiyo ni haki yake. Matokeo ya mtihani yalibandikwa. Kuhusu vyama vya ushirika, hadi tunapoandika kijana hajapata jibu, naye ameanza kulitafuta maktaba.

Kutokana na mkasa huo, tunawausia wazazi na vijana mambo manne.

La kwanza, kanuni za chuo zisomwe nyumbani kabla ya kutiwa saini. Mtoto akipata nafasi, tunashughulika na godoro, ndoo na sanduku. Tutenge usiku mmoja wa kusoma kanuni pamoja naye. Tutazame mambo yaliyokatazwa, nani anayehukumu, mwanafunzi hupewa siku ngapi za kujibu, na rufaa hukatwa kwa nani na kabla ya siku ngapi. Rufaa nyingi hupotea kwa kuchelewa, ilhali haki ilikuwapo.

La pili, barua hujibiwa kwa barua. Tumezoea, linapotokea jambo, kutafuta mtu anayemjua mtu, na wakati mwingine bahasha ya kaki hujibiwa kwa bahasha ya aina nyingine. Hiyo ni haramu, na zaidi ya kuwa haramu, humnyima kijana ushahidi kwamba alitendewa haki au hakutendewa. Aandike kwa upole, aulize kanuni na maneno anayotuhumiwa nayo, aombe muda, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Aende pia kwa mshauri wa wanafunzi na kwa viongozi wa serikali ya wanafunzi. Ndiyo kazi yao.

La tatu, tuwafunze vijana kuuliza. Swali liiendee kauli, lisiuendee mwili wa mtu, wala ukoo wake, wala dini yake. Anayepinga aandike jina lake. Anayedai jambo alihakikishe kwanza. Na wajue kwamba ujumbe wa simu ni maandishi kama maandishi mengine. Ulimi hauna mfupa, lakini simu ina kumbukumbu.

La nne linawahusu vijana wetu kama Waislamu. Mtihani ukipangwa wakati wa sala ya Ijumaa, au likizuka suala la stara ya msichana, njia ni ile ile. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa dini. Maombi yaandikwe mapema, kwa hoja na kwa heshima, siyo asubuhi ya mtihani mlangoni mwa chumba. Na haki tunayoidai kwa ajili ya binti zetu tuitambue pia kwa mwanafunzi asiye wa imani yetu, na hata kwa yule ambaye swali lake linatuchoma. Uhuru ambao mtu anautaka kwa ajili yake peke yake una jina jingine.

Wako pia miongoni mwa wasomaji wetu wahadhiri na watumishi wanaoketi katika kamati hizo. Kwao tuna ombi moja. Neno "uchochezi" ni pana kama kanzu ya kuazima. Humwenea kila mtu. Kabla ya kumvisha kijana, itajeni kanuni na yatajeni maneno. Msipoweza kuyataja, huenda kilichowaudhi ni swali.

Tungeweza kukomea hapo, lakini tungekuwa tumewahubiria wengine na kujiacha wenyewe. Miaka miwili iliyopita, kijana mmoja katika jumuiya ya vijana ya msikiti wetu alisimama katika mkutano akauliza hesabu za mchango wa kisima. Aliuliza kwa sauti ya juu, mbele ya wageni. Kamati yetu ilikutana jioni ile, bila ya kumwita, ikamsimamisha uongozi wa vijana kwa utovu wa adabu. Sisi ndio tulioandika muhtasari wa kikao, na ni sisi tuliotia saini barua yake. Ilikuwa na mistari mitatu. Haikutaja kanuni yoyote, kwa sababu hatukuwa nayo.

Tuliporudi kutoka nyumbani kwa mama wa vitumbua, tuliitafuta nakala ya barua ile katika jalada. Juma lililofuata kamati ilikutana, na kwa idhini yake tulimwendea kijana yule. Siku hizi anasali msikiti mwingine. Alitukaribisha, akatupa chai. Tulimwomba radhi kwa kumhukumu bila ya kumsikiliza, na tukamkabidhi hesabu za kisima, ukurasa mmoja, jumla yake na matumizi yake. Alizisoma palepale, kwa kidole, mstari baada ya mstari. Kisha akauliza swali jingine kuhusu risiti ya mabomba, na swali lenyewe lilikuwa sahihi. Kurudi, bado hajarudi. Hesabu sasa zinabandikwa ubaoni kila mwezi, na kanuni za jumuiya ya vijana zinaandikwa. Rasimu yake itasomwa hadharani baada ya sala ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, na mwenye swali ataruhusiwa kuuliza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wetu walioko vyuoni, awape elimu yenye manufaa na ndimi zenye staha, na atujaalie sisi tuliokalia viti vya kuhukumu masikio ya kusikia pande zote mbili. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.